Bob Odenkirk kabla ya Saul Goodman: miaka 20 ya kuwaandikia wengine vichekesho (wana-Mtwara na Lindi karibuni tubishane)

#1 Mwana wa Shangani (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka ashuke moja kwa moja kwenye komenti, hakuna kesi.

Saul Goodman mnamjua. Wakili tapeli wa Breaking Bad, suti za rangi za kuumiza macho, mdomo haufungi, kila kosa ana njia ya kulipitisha. Hapa mjini wengi tumemtazama kwa kujaziwa flashi, na wengine mliishia njiani kwenye Better Call Saul mkisema inakwenda taratibu mno (rudini, mmekosa kitu). Jina la yule bwana ni Bob Odenkirk. Alipoingia kwenye ile tamthilia mwaka 2009 alikuwa na miaka 46, na alikuwa ameshamaliza zaidi ya miaka 20 kwenye kazi ambayo huku kwetu hakuna anayeilipia: kuandika vichekesho vya televisheni.

Kazaliwa 1962 Berwyn, Illinois, kakulia Naperville, nje kidogo ya Chicago, mmoja wa watoto saba. Baba yake alikuwa mlevi, akafariki 1986 kwa saratani. Chuoni alikuwa akitengeneza vichekesho kwenye redio ya wanafunzi. Baadaye akaenda Chicago kujifunza maigizo ya papo kwa papo, mmoja wa walimu wake akiwa Del Close, na mwaka 1987 akaitwa New York kuandikia Saturday Night Live (SNL).

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ratiba ya kile kipindi ndiyo iliyonifanya nilete uzi. Kilianza Oktoba 1975 na kinaruka mubashara Jumamosi saa 5:30 usiku kwa saa za kule. Jumatatu waandishi wanakutana na mgeni wa wiki, kila mtu anamwaga wazo lake. Jumanne ni mkesha, watu wanaandika mpaka alfajiri. Jumatano wanakaa kwenye meza moja wanasoma kwa sauti skiti (vichekesho vifupi vya kuigiza) kama 40 hivi. Kazi yako inasomwa wenzako wakiwepo, isipochekesha kimya unakisikia mwenyewe. Zinabaki chache. Alhamisi hizo chache zinaandikwa upya. Jumamosi jioni zinachezwa zote mbele ya watazamaji wa majaribio, halafu kati ya hapo na saa ya kwenda hewani nyingine zinatupwa. Mtu anaweza kukesha wiki nzima na kazi yake isionekane hata dakika moja, na mshahara anapokea, kwa sababu kukesha huko ndiyo kazi yenyewe.

Odenkirk alidumu pale hadi 1991. Mwenyewe amesimulia kuwa hakuwa na raha, na mbele ya kamera alionekana kwa nadra sana. Lakini mwaka 1989 waandishi wa kipindi walibeba tuzo ya Emmy, naye akiwemo.

Sasa turudi nyumbani. Vikundi vya komedi viko Mtwara, viko Masasi, viko Lindi mjini. Simu kila mtu anayo, kamera za kukodi zipo. Ukiuliza mwandishi wenu ni nani, wanakucheka. Wote waigizaji. Mnafika eneo la kurekodi mnaulizana "leo tunacheza nini?", mmoja anajifunga khanga anakuwa mama mkwe, mwingine analewa, wanarushiana ndala, mwisho. Anayeamini kwamba hiyo inatosha aje hapa.

#2 Siti ya Mbele

Nimeshakaa. Mkuu lete na ile ya Chris Farley, niliiona YouTube nikacheka mpaka mke wangu akaamka. Sikujua kama aliyeiandika ni huyu.

#3 Kangomba Mstaafu

Korosho zimeanza kudondoka, watu tunatafuta magunia, mtu anatuletea habari za Naperville. Ntwara kuchele.

Na huyu si alifariki akiwa anarekodi?

#4 Mwana wa Shangani

#3 hajafariki. Julai 2021 alipata shambulio la moyo wakiwa wanarekodi Better Call Saul kule New Mexico. Wenzake Rhea Seehorn na Patrick Fabian walikuwa karibu naye, wakapiga kelele, watu wa huduma ya kwanza wakauzindua moyo kwa mashine. Septemba alikuwa amesharudi kazini. Na mwaka huo huo ndipo ilipotoka Nobody, ile ya mapigano, akiwa na miaka 58. Endelea na magunia yako.

#2 hiyo ndiyo nilikuwa naisubiri mtu aiulize. Mwaka 1990, SNL ikiwa mapumzikoni, Odenkirk alikuwa Chicago na kikundi cha Second City, na humo alikuwemo Chris Farley, jitu nene, nguvu hazimwishi. Akamwandikia mhusika anaitwa Matt Foley. (Jina ni la rafiki wa Farley aliyecheza naye raga chuoni, huyo mwenye jina baadaye akawa padri.)

Tazama wazo lilivyokaa. Wazazi wameona bangi ndani ya nyumba, wanaamua kuwaletea watoto wao mtu wa kuwapa hamasa ya maisha. Anaingia jamaa suruali inamponyoka kila dakika anaivuta, miwani, shati limebana, sauti ya mtu aliyekunywa kahawa mfululizo tangu jana. Kujitambulisha tu anasema ana miaka 35, ameachika, na anaishi ndani ya gari kando ya mto.

Basi. Wazo ni hilo moja tu: aliyeletwa kufundisha watoto wasiharibikiwe ndiye aliyeharibikiwa. Mwandishi mchanga angefika hapo akaanza kutafuta wazo la pili, angeleta polisi, angeleta bibi. Odenkirk analishika lile lile analipandisha. Kijana wa kiume anasema angependa kuwa mwandishi, Foley anamgeukia baba mtu kwa kejeli anauliza yule pale si Shakespeare? Msichana naye anajaribu kumtuliza. Kila jibu linarudishwa kwenye gari na mto. Mwisho anajirusha, anaangukia meza ya sebuleni, meza inasambaratika.

SNL waliirusha mara ya kwanza Mei 1993, wakati Odenkirk ameshaondoka pale. David Spade na Christina Applegate, waliocheza wale watoto, wanaonekana kabisa wanaficha nyuso wasicheke. Jina lililobaki midomoni ni la Farley, na ni haki yake, ule mwili na ile pumzi hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Alifariki Desemba 1997, miaka 33 tu. Lakini maneno mengi aliyoyatapika yalikuwa yameshapangwa kwenye karatasi na mtu ambaye hakuonekana.

#5 Mmwera wa Nachingwea

Mleta uzi umeandika vizuri ila napinga. Komedi ya kusini haijawahi kuandikwa na haitaandikwa. Nenda msibani watani wakifika. Mmoja anadai deni la marehemu, mwingine analala njiani jeneza lisipite mpaka alipwe, wa tatu anavaa koti la marehemu anaigiza alivyokuwa akitembea akitoka kunywa uraka. Wafiwa wanalia huku wanacheka. Nani kawaandikia hao? Na midimu je? Mtu kavaa kinyago anamwigiza mkubwa fulani anavyojishaua, kijiji kizima hoi. Watu wanajaa kwenye Tamasha la MaKuYa (la ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao) kuangalia mambo ambayo hayana skripti. Mkianza kukaa mezani Jumatano kusomeana karatasi mtaua ladha yote.

#6 Bibi wa Mikindani

Mmwera leo umenena.

#7 Mwana wa Shangani

Mmwera, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote zitakazokuja humu kwa hiyo nakujibu taratibu.

Mtani wa msibani anacheza mbele ya watu wanaomjua marehemu. Wanalijua lile koti, wanaijua ile njia ya kutoka kilabuni, wanajua deni ni la nani. Nusu ya kazi imeshafanywa na kijiji. Ukiirekodi ile ukaipeleka Kigoma, wataona mtu amelala barabarani. Mwandishi kazi yake ni kumtengenezea yule wa Kigoma, ndani ya dakika moja na nusu, kijiji chote ambacho hana.

Halafu hao wa Chicago hawadharau papo kwa papo, wamelelewa nayo. Second City wakimaliza onyesho la jioni wanarudi jukwaani kucheza bila kuandaa chochote, hadhira ikiwepo. Kinachochekesha leo wanakirudia kesho, wanakipunguza, wanakirudia tena, mpaka kinakaa kwenye onyesho rasmi na maneno yake yanajulikana. Kwa hiyo ni wewe na mimi tunagombania kitu kimoja. Tofauti ni kwamba sisi kinachochekesha leo kesho hatukikumbuki.

#8 Bibi wa Mikindani

Na mimi nikubaliane na wewe kidogo basi. Mmesahau Ze Comedy? Enzi hizo wako EATV, Masanja, Joti, Mpoki, Wakuvanga na wenzao, tulikuwa tunajazana kwa jirani mwenye TV mpaka watoto wanakaa dirishani. Wakahamia TBC wakawa Orijino Komedi. Zile taarifa zao za habari, zile za kuigiza viongozi, huwezi kuniambia mtu alikurupuka. Kuna mtu alikaa akaisikiliza hotuba ya mheshimiwa mara nyingi mpaka akajua anakohoa wapi.

King Majuto sasa, huyo ni habari nyingine. Ukimpa neno "shemeji" tu anakumalizia kanda nzima. Ila watu wa aina ile hawazaliwi kila mwaka, alituacha Agosti 2018 na sijaona mwingine. Kikundi chenu kina King Majuto? Kama hakina, andikeni.

#9 Kijana wa Masasi

Mnaongea mambo ya 1990. Siku hizi ni TikTok, sekunde 60, mtu anascroll. Nani atakesha Jumanne kwa sababu ya sekunde 60?

#10 Mwana wa Shangani

Dogo, sekunde 60 ndizo zinahitaji kukesha. Kwenye dakika 30 ukikosea moja una 29 za kujirekebisha.

Ila ngoja nikupe kipande kilichobaki, kinakuhusu. Baada ya SNL huyu bwana alikwenda kuandika na kuigiza kwenye kipindi cha Ben Stiller, kituo cha Fox, 1992. Kikafutwa baada ya kurushwa mara 12. Kimeshazikwa, 1993 kikapewa Emmy ya uandishi. Huwa nikifika hapo nacheka peke yangu. Mwaka 1995 yeye na David Cross wakaanzisha Mr. Show pale HBO, ikaenda hadi 1998, vipindi 30. Humo walipita watu kama Jack Black na Sarah Silverman kabla hawajawa wakubwa, na Tom Kenny, ambaye wanenu wanamjua kwa sauti, ndiye SpongeBob.

Cha kuiga kwenye Mr. Show ni viungo. Skiti haikatiki. Mtu wa skiti hii anawasha TV, na kinachoonyeshwa kwenye ile TV ndiyo skiti inayofuata. Au mpita njia tu wa nyuma, kamera inamfuata, kumbe yeye ndiye mwenye habari mpya. Sasa weka hapa kwetu: konda wa gari la Masasi anagombana na abiria pale stendi juu ya mzigo wa ming'oko, kamera inapanda na ule mzigo juu ya keria, tunashuka nao Ndanda kwa mwenye mzigo, naye ana lake. Waigizaji wanne, mchana mmoja, una skiti tano zinazoshikana. Hakuna pesa ya ziada hapo, kilichoongezeka ni mtu mmoja kukaa chini akafikiri.

Kisha ukame. Aliomba nafasi ya yule bosi wa The Office ya Marekani, akapewa Steve Carell. Mwaka 2006 aliongoza filamu ambayo haikwenda popote. Katikati ya ukame huo vijana wawili, Tim Heidecker na Eric Wareheim, wakamtumia kazi zao za kujirekodia. Hawakuwa na jina. Akazitazama, akawashika mkono, mwaka 2004 wakawa na kipindi chao cha kwanza kwenye TV. Kwa hiyo Kijana wa Masasi, usisubiri kujulikana ndipo utume kazi, ila hiyo kazi iwe na kitu ndani.

Waliompa Saul Goodman walikuwa wanamjua kwa Mr. Show. Walitaka mtu wa kumeza kurasa za maneno bila kupumua na bado yachekeshe. Hizo kurasa alikuwa ameshazimeza miaka yote kwa ajili ya wenzake. Better Call Saul ikaanza 2015 ikaisha 2022, vipindi 63, ikateuliwa Emmy mara 53 na haikupata hata moja. Yaani Emmy alizonazo Odenkirk ni za uandishi. Za kuigiza hana.

#11 Dada wa Tandahimba

Nimesoma kimya muda wote, sasa naomba niongee.

Mimi ni mwandishi. Niliwaandikia kikundi kimoja huku kusini, sitakitaja, skiti za msimu mzima. Natuma WhatsApp usiku, asubuhi wanarekodi. Moja ya bwana shamba aliyekuja kutufundisha kupulizia salfa huku mwenyewe ana mafua ya kila kitu, ikasambaa mpaka ndugu zangu wa Dar wananitumia mimi eti "dada umeiona hii?". Mwisho wa video yameandikwa majina ya wote, mpaka aliyeleta jenereta. Langu halipo. Nilipouliza nikatumiwa vocha ya elfu tano na emoji ya kucheka.

Mwandishi wa komedi huku ni mkulima aliyeuza kwa kangomba (mlanguzi wa korosho): amepokea kidogo gizani, mzigo umeondoka, na jina lake haliko kwenye daftari lolote.

Kwa hiyo mleta uzi, ukiniambia mtu analipwa mshahara kukesha hata kama skiti imetupwa, mimi nasoma kama habari za peponi.

#12 Kangomba Mstaafu

Sasa kangomba kaingiaje hapa jamani. Tumeshaacha.

#13 Wakili wa Kijiweni

Dada pole sana. Machache ya kukusaidia, mimi si wakili kweli ila nimeyasomea haya.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda maandishi yako tangu unapoyaandika. Wazo tupu halilindwi. Ukimwambia mtu kwa mdomo "nina wazo la bwana shamba mwenye mafua" hapo huna kitu, lakini ukiandika maneno ya wahusika mstari kwa mstari hiyo ni kazi ya fasihi, ni yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. COSOTA (ofisi ya hakimiliki) wanasajili, na ingawa haki haitokani na kusajili, cheti kinakusaidia mkianza kubishana. Zile meseji za WhatsApp zenye tarehe usizifute, huo ni ushahidi.

Na hao wa Marekani msidhani mishahara ilishuka na mvua. Wana chama cha waandishi. Mwaka 1988 kiligoma karibu miezi mitano, Odenkirk akiwa SNL. Kipindi kikasimama, yeye na wenzake Robert Smigel na Conan O'Brien wakaenda Chicago kucheza onyesho lao jukwaani wapate cha kufanya. Mwaka 2023 wakagoma tena siku 148, vipindi vingi vya usiku vikazimika. Hapo ndipo wenye televisheni walipokumbushwa nani anayejaza midomo ya watangazaji.

#14 Mmwera wa Nachingwea

Dada wa Tandahimba ile ya bwana shamba ni YAKO? Mimi naijua yote kwa kichwa. Basi narudisha nusu ya nilichosema juu. Nusu tu.

#15 Mwana wa Shangani

Natoa pendekezo. Badala ya kubishana, leo uzi huu uwe meza ya Jumatano. Naweka wazo langu hapa, mlikatekate. Masharti mawili: usiseme "haichekeshi" bila kusema wapi, na usilete mlevi.

WAZO: Mjomba ni katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) miaka mingi. Mpwa wake Asha anachumbiwa na wanaume watatu. Kwa desturi mjomba ndiye msemaji. Tatizo, mjomba hajui njia nyingine ya kuamua jambo duniani isipokuwa mnada wa korosho. Wachumba wameandika barua za zabuni, zimetiwa kwenye sanduku, ukoo umekaa kwenye mikeka, anafungua anasoma bei ya juu na bei ya chini, halafu anauliza "wakulima, mnauza hamuuzi?"

#16 Siti ya Mbele

Hahahaha "mnauza hamuuzi". Nimeshamwona mjomba wangu.

#17 Kijana wa Masasi

Wachumba wapigane palepale.

#18 Bibi wa Mikindani

Wewe mtoto umeambiwa usilete mlevi ukaleta ngumi.

Mjomba asichekeshe. Hilo ndilo langu. Asikenue meno, asikonyeze kamera. Avae miwani yake, awe na kalamu mfukoni, aone anafanya jambo la haki kabisa kwa mpwa wake. Akicheka yeye tu tumekwisha.

#19 Mmwera wa Nachingwea

Kwenye kila mnada nyuma kabisa kuna mzee ambaye bei yoyote atasema "hatuuzi!". Hata mngemletea dhahabu. Mwekeni.

Halafu siku hizi minada inakwenda kwa mtandao wa TMX (soko la bidhaa), masanduku ya barua ni ya zamani. Mnaweza kumfanya mjomba awe analinunia hilo: "Mimi kwangu ni sanduku."

#20 Mwana wa Shangani

#18 na #19 zimeingia zote. Mnaona? Hakuna aliyeongeza wazo jipya, mmelipandisha lile lile.

#21 Kangomba Mstaafu

Makato mmeyasahau. Mjomba akishapata mnunuzi lazima asome makato. Ushuru wa ukoo, ushuru wa mjomba, usafirishaji, ulinzi wa ghala, magunia. Mama mtu auliza magunia ya nini? Jibu: "Magunia yapo kila mwaka."

Na mimi mnijali pia. Wakati mnada unaendelea uwanjani, kuna mtu anapita mlango wa jikoni kwa shangazi, ana taslimu mkononi.

#22 Siti ya Mbele

UMETISHA. Mstaafu gani wewe, mbona kazi unaikumbuka hivyo?

#23 Dada wa Tandahimba

Kila mtu ana mstari isipokuwa Asha. Mnamuuza na hana hata neno. Hata kwa kichekesho, mwanamke wa Tandahimba hakai kimya kiasi hicho, haiaminiki.

Fanyeni hivi. Korosho kabla ya mnada zinapimwa unyevu, si ndiyo? Mjomba aseme mzigo umeshapimwa, ni daraja la kwanza. Asha aingie na kipima unyevu cha ghalani aulize wanunuzi wamepimwa na nani. Nawaandikia kipande, nipeni nusu saa.

#24 Dada wa Tandahimba

MJOMBA (anafungua barua, hamtazami mtu): Mnunuzi namba moja. Laki sita. Malipo siku kumi baada ya mnada.
MZEE WA NYUMA: Hatuuzi!
MJOMBA: Sijamaliza. Mnunuzi namba mbili. Laki tano na nusu, ila anahitaji daraja la kwanza pekee.
MAMA: Daraja gani? Huyo ni mtoto wangu!
MJOMBA: Mama Asha, ghala halina mama.
ASHA (anaingia na kipima unyevu): Mjomba, mzigo umepimwa. Wanunuzi je?
MJOMBA (anatafakari, anavua miwani): Kanuni haikatazi.
(Asha anamgusa namba moja kwenye kiganja. Anasoma.)
ASHA: Huyu mbichi. Ana mke Nanyamba.
MJOMBA (anaandika): Arudishwe akaanikwe.
(Anamgusa namba mbili.)
ASHA: Huyu amechanganywa na mawe.
NAMBA MBILI: Mawe gani?
ASHA: Mama yako.
MJOMBA: Apepetwe.
(Anamgusa namba tatu. Kimya kirefu.)
ASHA: Huyu mkavu. Hana hata nauli ya kurudi.
MZEE WA NYUMA: Hatuuzi!
MJOMBA (anakunja karatasi): Mnada umeahirishwa. Makato yanabaki palepale. Ushuru wa ukoo, ushuru wa mjomba, usafirishaji, magunia...
MAMA: Hakuna kilichouzwa! Magunia ya nini?
MJOMBA: Magunia yapo kila mwaka.
(Mlango wa jikoni. Mtu kashika bahasha, anamnong'oneza shangazi.)
KANGOMBA: Shangazi, mimi taslimu. Sina makato.
MZEE WA NYUMA (anasimama kwa mara ya kwanza): Huyo tunauza!

#25 Mmwera wa Nachingwea

"Ghala halina mama." Nimetoka nje kupunga upepo. Narudisha na nusu iliyobaki.

#26 Bibi wa Mikindani

Hapo kwa "mama yako" muacheni mwigizaji avute pumzi kabla hajasema, asikimbilie. Na namba tatu aone haya kweli, asijifanye kuona haya.

#27 Kijana wa Masasi

Mimi naomba kuwa namba tatu. Nauli sina kweli.

#28 Wakili wa Kijiweni

Dada, hiyo ya #24 ikopi sasa hivi, weka jina lako na tarehe, jitumie kwenye barua pepe yako. Humu tupo wengi na wengine wanasoma bila kujiandikisha.

#29 Mwana wa Shangani

Dada wa Tandahimba, kikundi changu kinaichukua. Taja masharti.

#30 Dada wa Tandahimba

Imeandikwa na, jina langu, mwanzoni mwa video na siyo mwishoni baada ya mtu wa jenereta. Nusu ya malipo kabla kamera haijawashwa. Na Jumatano kabla ya kurekodi tunakaa wote tunasoma kwa sauti, asiyekuja kusoma hachezi.

#31 Mwana wa Shangani

Yote nimekubali. Tunasomea Ligula, pana kibaraza. Anayemjua mzee anayeweza kusoma orodha ya makato bila kucheka aje naye, tumejaribu watatu hapa wote wameshindwa kwenye magunia.

#32 Kangomba Mstaafu

Jamani na mimi? Mlango wa jikoni ni wazo langu, na magunia pia.

#33 Dada wa Tandahimba

Lako tumelipokea. Ila lina makato.